Nukta ya Pili

Komanda Libérat alimsukumia Honorine karatasi usoni mpaka ikamgusa pua.

"Weye muwongo. Hii ni mulima! Bwana yako mwalimu iko wapi?"

"Muto Ruzizi ilimubeba, Komanda. Yeye na mutoto."

Libérat aliitazama blauzi yake iliyolowa maziwa, akatema mate chini. Mwaka ule wa 1964, Uvira ikiwa mikononi mwa waasi, ramani iliyochomolewa kitengeni ilitosha mtu kupigwa risasi.

"Si mulima, ni siki," Honorine alisema. "Miye ndiye ninaosha chupa za maabara hii. Acha nikuonyeshe."

Karatasi ilikuwa na mstari mmoja tu. Ulianza tambarare, ukapanda ghafla, ukatulia, kisha ukapanda tena. Kwenye kila tambarare, nukta moja.

"Onyesha. Ikikataa, unajua."

Alipima siki katika glasi. Akaijaza bireti, ule mrija wa kioo wenye alama, maji ya soda kali ya kutengenezea sabuni. Tone. Tone. Kila mara alichovya kikaratasi kinachogeuka rangi kulingana na asidi, akasoma namba, akaiandika kwenye karatasi mpya ya miraba. Mdomo wa bunduki ulikuwa mgongoni mwake.

Alama zilitambaa kama hazina haraka. Halafu, kwa matone mawili tu, rangi ikageuka buluu na alama zikaruka juu.

Libérat alibandika karatasi zote mbili kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine. Kilima kipya kikalala juu ya kilima cha kwanza.

"Na hii nukta ya kwanza?"

"Ni nusu ya soda iliyotufikisha kwenye kupanda. Hapo ndipo unasoma nguvu ya asidi: nne nukta nane. Kila asidi iko na namba yake."

"Ee! Muosha-chupa na akili yake!"

"Niendelee na kilima cha pili, Komanda? Kinakula saa mbili."

"Toka na siki yako! Unanukisha nyumba."

Akamrushia karatasi ile ya kwanza. Honorine aliikunja, akaipitisha kwenye vizuizi vitatu vya barabarani, akaanza kupanda.

Siki haina kilima cha pili. Kile kilikuwa mlima wa Rurambo, na penye nukta yake mumewe André alikuwa akimbembeleza mtoto wao mwenye njaa.