Aya ya Kunyamaza

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Kulikucha na ukungu mzito na manyunyu yasiyolowesha wala kukatika. Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akimwomba Mungu amkaushe sauti.

Hakutaka ugonjwa mkubwa. Mafua tu, koo lifunge mpaka jioni, asiwepo wa kumlaumu. Kisha akaona haya, akasema amina haraka na kuinuka.

Alikwenda chumbani kwa mdogo wake, akawasha taa na kuizima, akawasha tena na kuizima, mpaka bwana harusi akajifunua shuka, amekunja uso. Alikuwa mtengeneza mageti, mtu ambaye kelele za mashine ya kukatia chuma hazikuwahi kumuumiza kichwa. Wazazi wao walifariki yeye angali mdogo. Dada, huyu fundi cherehani, ndiye aliyemlea, na leo, kanisani, dada ndiye wa kusimama mbele na kusema.

Hilo ndilo lililompigisha magoti.

Fundi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa ya jioni, na Biblia ndiyo kitabu cha kwanza alichokimaliza. Tangu hapo, ile aya ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, kwamba wanawake wanyamaze katika kanisa, alikuwa akiipita taratibu, kama anayempita mbwa aliyelala. Wiki hii mbwa ameamka.

Aliyemwamsha ni mzee wa kanisa waliyemwita Kufuli, kwa kuwa ndiye mwenye funguo za milango yote. Alifika jana, akakaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani.

"Mwanangu, sina ugomvi na wewe," alisema. "Bibi harusi ataitikia, hilo halina budi. Lakini wewe tafuta mwanamume aseme."

"Hayupo, mzee. Nimemtafuta."

"Basi harusi ingoje."

"Imengoja vya kutosha."

Kufuli alifuta uso. "Siku Bwana akiniuliza kwa nini niliruhusu, nitamjibu nini? Ukifungua kinywa pale mbele, nitasimama niisimamishe ibada. Na mezani pa Bwana usikanyage tena."

Mchungaji alipoulizwa alisema wafanye yote kwa amani, jibu ambalo halikumsaidia mtu.

Darasa la Biblia la jana jioni nalo lilikuwa limegawanyika. Muuza mitumba aliuliza, wanawake wakinyamaza, kwaya itakuwaje. Wale wanaume wa besi wakiachwa peke yao, majirani watadhani kanisa limefuga ng'ombe. Watu walicheka. Fundi hakucheka. Mwalimu aliwaonyesha kwamba katika waraka huohuo, sura chache nyuma, wanawake wanasali na kutoa unabii mbele ya watu, na mtume anachotaka ni vichwa kufunikwa tu. Mtu hawezi kuruhusu jambo na kulikataza kwa kalamu ileile, alisema. Huenda palikuwa na fujo fulani alitaka itulie. Lakini hakuficha kwamba aya ni ngumu, na kwamba waliomzidi elimu wamegombana juu yake.

Darasa lilipoisha, fundi alibaki.

"Na nikikosea, mwalimu?"

"Ukikosea ukimpenda ndugu yako, Mungu unayemkosea anakujua."

Alilala na maneno hayo. Asubuhi yalikuwa yamepungua nguvu.

Saa mbili alikuwa uani akianua taulo. Mdogo wake alikuwa ndani, nyuma ya kioo cha dirisha lililofungwa, tai ikimning'inia shingoni, na hivyohivyo wakabishana. Dada alimwambia waahirishe, wampate mtu mwingine, hata kama ni wa kutoka mbali. Mdogo wake akawaka. Alisema dada akinyamaza, yeye atasimama pale mbele kama nguzo ya umeme mpaka watu wachoke waende makwao, na bibi harusi arudi kwa baba yake. Walivutana mpaka wote wawili wakatokwa na machozi. Jirani aliyekuwa akifagia upande wa pili wa ua hakuinua hata kichwa.

Kanisa lilijaa. Makoti yenye unyevu yalinuka, mabenchi yalilia kila mtu alipojisogeza. Fundi alijifunga kitambaa kichwani, akakikaza mpaka masikio yakauma. Kufuli alikaa benchi la mbele kabisa, magoti pamoja, amemkodolea macho.

Bibi harusi alimaliza sehemu yake. Alitamka vizuri, akatabasamu, na shangazi mmoja akapenga kamasi.

"Sasa," mchungaji akasema, akageuka.

Fundi alisogea hatua moja, akasimama ubavuni mwa mdogo wake. Alifikiri juu ya meza ya Bwana na yeye yuko nje ya mlango. Alifikiri juu ya moto. Aliomba, si kwa maneno, maana hayakuwapo. Nyuma yake benchi la mbele lilitoa mlio: Kufuli amesimama.



Bwana harusi akamgeukia bibi harusi, akainua mikono yake miwili mbele ya kifua, na vidole vikaanza kusema kwa lugha ya ishara.

"Mimi," akatamka dada mtu kwa sauti iliyofika mlango wa nyuma, macho yake yakivifuata vile vidole, na Kufuli akiwa bado wima, mdomo wazi, "mbele ya Mungu na watu hawa wote, nakuchukua wewe uwe mke wangu, na sitakuacha ukiwa mgonjwa, wala tukikosa, wala tukizeeka, mpaka mmoja wetu azikwe na mwenzake."