Mistari Sita Iliyobaki

Bi Mwatumu aliingia studioni bila hodi, karatasi mkononi, kanga ikimteleza begani.

"Nani kakutuma uusomee mji nusu ya mume wangu?"

Shamte, mtangazaji wa kipindi cha mashairi, alivua vipokea sauti masikioni. Tangazo la sabuni lilikuwa hewani. "Mama, jana muda uliniishia. Lakini shairi lilipendeza."

"Lilipendeza nini? Mzee Makame kaandika mistari kumi na minne, wewe ukasoma minane anayolia! Macho yanamfifia, hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, anaona heri angezaliwa mtu mwingine. Hapo ukakata, ukaweka sabuni. Tangu jana majirani wananipa pole. Wifi yangu kaniuliza nimemtenda nini kaka yake!"

"Samahani, mama."

"Mstari wa tisa ndipo ananisikia napepeta mchele uani. Hapo ndipo moyo unamrudia, anacheka peke yake. Hukuusoma huo, basi umewaambia watu mume wangu hana mtu."

Shamte aliichukua karatasi, akausoma mstari wa tisa kimyakimya, kisha wa kumi. Akalikata tangazo katikati, akamsogezea kiti na kipaza sauti.

"Soma mwenyewe, mama."

"Kusoma sijui. Mistari yote ninayo kichwani."

Taa nyekundu ikawaka.

"Sabuni isubiri," Bi Mwatumu aliuambia mji mzima. Kisha akafumba macho, na kabla neno la kwanza halijamtoka, mikono yake ikaanza kupepeta hewani.