Soketi ya Mama

"Gari langu lina adabu, linanyonya soketi dhaifu kutwa kucha wala halilii. Mwizi wa volti mtafuteni kwingine!" Shomvi alijitapa kwa majirani.

Siku hizo kila nyumba iliruhusiwa soketi moja tu ya volti mia mbili na arobaini, nyingine zote zikiwa dhaifu, na penye mgonjwa ilikuwa ya mgonjwa. Kwa Shomvi ilikuwa ya mashine ya kupumulia ya mama yake, Bi Tabu.

Mchana, mama aliposinzia, Shomvi aliihamishia mashine kwenye soketi dhaifu, ikakoroma kama paka mzee. Gari lake la mseto wa umeme na petroli likachomekwa kwenye ya mama, likajaa kwa saa mbili, lisije likamwaibisha mjini kwa moshi wa petroli. Akairudisha plagi kwa kunyata.

"Leo umewahi, baba," mama alisema, macho kayafumba. "Jana nilikuwa nimeshapiga shahada."