Pale Umeme Ulipokatika

Redio ya mji iliomba kanda za maonyesho ya zamani ya Vinyonga, bendi iliyopiga gitaa mpaka watu wakaapa kwamba wanaona rangi hewani. Sefu, aliyekuwa fundi mitambo wao, aliketi sebuleni akizinakili, akiruka kila pasipo na muziki. Akafika pale umeme ulipokatika ukumbini. Magitaa yalinyamaza, lakini kinasa sauti chake cha betri kiliendelea kurekodi, na watu wakauendeleza wimbo wenyewe gizani. Alisikika mwanamke mmoja akiwahi kiitikio kila mara, kabla ya wenzake wote.

Jikoni, mkewe Zaituni alikuwa akimenya vitunguu saumu. Naye akaitikia, akawahi vilevile.

Sefu alisimamisha kanda. "Mama Rehani, ulikuwepo siku ile?"

"Safu ya tatu toka jukwaani. Wewe ulikuwa umeinamia mitambo yako."

"Mbona miaka yote hukuniambia?"

"Ulikuwa unanihadithia ilivyokuwa, na unavyofurahi ukihadithia, nikakuacha."

Mashine yake ilikuwa hairudishi nyuma. Sefu aliitoa kanda, akachomeka kalamu tunduni, akaanza kuizungusha taratibu kurudi kule gizani. Jikoni kisu kilikuwa kimetulia, kikisubiri kiitikio.