Wageni Mia Mbili

Ko-ko. Kimya. Ko-ko.

Nazario alilisikia jembe kabla ukungu haujamruhusu kuona kitu. Lilikuwa likigonga mawe kule mteremkoni, shambani kwa bibi Kasilda, na kwa mdundo wake alijua nani kalishika. Melania hupiga mara mbili, hupumua, ndipo hugeuza udongo.

Akafunga dirisha. Siku ya kuja mkaguzi kutoka Gitega mjini, na mke wa mtunza makumbusho yuko kwenye mashamba ya watu, analima kibarua.

Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya vyumba viwili juu ya kilima, Bugendana: ngoma tatu, vibuyu vya kusukia maziwa, mawe ya kusagia mtama, mikuki iliyoliwa na kutu. Kwa miaka minane serikali ilimlipa Nazario avitunze. Kisha ikaja barua. Fedha zimepungua, mshahara umesimama. Nyumba itakayopata wageni mia mbili kwa mwaka itabaki wazi. Isiyofikisha itafungwa, na vitu vyake vipelekwe ghalani.

Nazario alizaliwa kambi ya wakimbizi, Tanzania. Ngoma za kwao alizisikia kwanza midomoni mwa baba yake, aliyezipiga kwa ulimi kwa sababu mikononi hakuwa na ngoma. Hazitaingia ghalani, akaapa. Akasiriba sakafu upya kwa samadi, akafuta vumbi, akakaa mlangoni kungoja. Miezi mitatu hakuja mtu.

Mwezi wa nne wakaanza kuja.

Walikuja wawili wawili, wakulima wenye tope miguuni. Walipita vyumbani upesi, kama watu waliokwenda kumsalimia mgonjwa wasiyemjua. Gervasi, mfyatua matofali, alipiga miayo mbele ya mikuki.

"Mwalimu, nikiandika jina mara moja inatosha?"

"Inatosha."

"Na huyu niliyembeba mgongoni?"

"Mwandike naye."

Gervasi akaandika, akachungulia uani. "Mama hayupo? Basi mwambie nimefika."

Nazario alicheka moyoni. Hawajazoea, alijiambia, lakini damu inawavuta. Usiku ule alimhesabia Melania majina, moja moja, naye Melania akasinzia katikati ya hesabu.

Doa lilikuwa huyo huyo Melania. Shamba lao limemezwa na magugu, naye kila asubuhi anabeba jembe kwenda kwa wengine, na jioni anarudi mikono mitupu.

"Leo wamekulipa nini?"

"Watalipa."

"Hata kibaba kimoja cha maharage?"

"Baba Vumilia, nimesema watalipa. We chunga ngoma zako."

Wanampunja, Nazario aliwaza. Lakini angeanzia wapi kuzunguka milango ya watu akidai ujira wa mke wake? Aibu ilimziba mdomo. Akazoea kutazama pembeni kila alipomwona akishuka kilima na lile jembe.

Mkaguzi alifika saa nne, juu ya pikipiki. Aliitwa Rachid, mtu mnene mwenye kofia nyeupe na macho ya uchovu. Hakuitazama ngoma hata moja. Aliomba daftari la wageni kwanza.

"Mi nilipitia Muyinga kwanza," alisema, akilamba kidole na kufunua kurasa. "Kule nyumba kama hii iko na kufuli tangu juzi. Wageni kumi na tisa, mwaka mzima. Mzee wa pale alishika funguo, hakutaka kuniachia. Nilimfungua vidole mimi mwenyewe, kimoja kimoja." Akafunua ukurasa wa mwisho. "We hapa uko na mia mbili na kumi na moja. Bon. Unawapa pombe?"

"Wanapenda chao," Nazario alisema, kifua mbele.

"Basi we iko na dawa. Utanigawia."

Walikuwa bado wanacheka Melania alipotokea kwenye njia ya uani, kitenge kimekunjwa hadi magotini, tope vifundoni, jembe begani. Aliwaona, akasimama, kama mwenye nyumba anayetaka kumkaribisha mgeni.

"Na yule mama?" Rachid aliuliza.

Nazario alizitazama zile nyayo. Kisha akamtazama mtu wa serikali.

"Kibarua," alisema. "Wa jirani. Anapita tu."

Melania alisikia. Jembe lilitetereka begani, akalishika vizuri. Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Karibu, bwana," akazunguka nyuma ya nyumba kwa hatua za mtu asiye na kwao.

Rachid akapiga muhuri. "Mwaka mmoja tena. Lakini usilale, mzee. Kesho unaanza na sifuri."

Pikipiki ilipotelea bondeni. Nazario alibaki na karatasi mkononi, uso ukimuwaka. Neno lile lilikuwa bado kinywani mwake kama kitu kichungu kisichotemeka. Atamwomba radhi, aliamua. Kisha atamkataza kabisa kwenda kulima kwa watu. Mke wa mwenye karatasi hii hawezi tena kuonekana hivyo.

Alipofika kwenye kona ya nyumba akasikia sauti, akasimama. Bibi Kasilda alikuwa ameinama, akimmiminia Melania maji ya kunawa miguu. Wote wawili walikuwa wamempa mgongo.

"Nyamaza, binti yangu," bibi kizee alikuwa akisema. "Ukimaliza ule mteremko Jumatatu, Jumanne nakuletea watu saba waingie humo waandike majina. Na mumeo hatajua, hilo nakuahidi."