Bomba la Mfalme Pakal

Mwalimu Gabrieli alikuwa ndani ya kaburi lake, mzima wa afya, akigombana na fundi. Alisema zege ni jepesi, ngazi imeegemezwa vibaya, na mfuniko usiguswe mpaka atoe amri. Mkewe, Bibiana, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimvumilia.

Chanzo ni mkwe wao, mume wa binti yao Katarina, anayefanya kazi kwenye hoteli ya watalii Mikumi. Mgeni alisahau kitabu chumbani, mkwe akakileta huku Kidete, na tangu hapo nyumbani hapalaliki. Humo kitabuni mlikuwa na Pakal, mfalme wa Wamaya wa kale, ng'ambo kabisa ya dunia. Alitawazwa akiwa na miaka kumi na miwili, hata ndevu hana, akaking'ang'ania kiti mpaka themanini. Mwalimu, mstaafu wa somo la historia, alimpenda hapohapo. Pakal alipokufa, walimvika kinyago cha mawe ya kijani, wakamfunika kwa bamba la jiwe, kisha wakapitisha bomba kutoka kwenye jeneza hadi juu hekaluni, ili mfalme na walio hai wasipotezane.

"Kinyago sitaki," Mwalimu alitangaza. "Bomba nalitaka."

Padre alimwambia hilo si jambo la Kikristo. Mwalimu akamjibu kwamba hata vipaza sauti vya kanisani havimo kwenye Biblia.

Bibiana hakujali dini. Alijali masikio yake. Tangu aolewe alikuwa akielekezwa chumvi atie kiasi gani, kuku walale wapi, mlango aufunge kwa mkono upi. Alibakiwa na ombi moja tu kwa Mungu: mzee akitangulia, na yeye apate japo miaka michache ya kimya. Sasa mtu huyu anataka kuendelea kutawala akiwa chini ya udongo! Walibishana wiki nzima, mwisho wakakubaliana bomba lijaribiwe, na Bibiana mwenyewe ndiye asikilize. Sauti isipofika, habari ya bomba iishe. Jibu lake alikuwa nalo tangu jana.

Beda, yule fundi, na wasaidizi wake wakausukuma mfuniko mpaka kaburi likaziba. Bibiana akapiga magoti, akatega sikio kwenye bomba la inchi mbili.

Sauti ilipanda safi, utadhani mtu yuko jikoni. Ikaagiza kuku wapewe maji. Ikalalamika kwamba chai ya asubuhi ilizidi majani. Bibiana akafumba macho, uongo wake uko tayari mdomoni.

Kisha sauti ikapoa.

"Mama Katarina, uko hapo? Huku kuna giza. Sema basi, chochote. Ulidhani bomba ni la kusemea mimi? Maiti ana maneno gani? Nataka nikusikie wewe."

Bibiana alibaki vilevile, magoti mchangani, mpaka Beda akainama na kumwuliza kama mzee anasikika.

"Hasikiki," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Weka la inchi sita."