Akidi Imetimia

Kikao kilikuwa kimeahirishwa mara tatu, na kila mara kwa sababu ambayo Mwenyekiti aliiona nzito. Mara ya kwanza baba mdogo alipata wageni. Mara ya pili shangazi alishikwa na mgongo. Mara ya tatu ni yeye mwenyewe, kazini kwake kulikuwa na ukaguzi. Leo, wiki ya saba, aligonga kikombe kwa kijiko akatangaza kwamba akidi imetimia.

Ukoo mzima ulimwita Mwenyekiti, kwani hapakuwa na harusi wala msiba uliopita bila yeye kushika kalamu. Juu ya karatasi aliandika: Afya ya Dada.

"Andika titi, kaka," dada yake alisema. "Hapa hakuna mtoto."

Dada huyo alikuwa mwalimu wa michezo. Watu walimwita Refa, maana ndiye aliyechezesha ligi ya shule, na akishapuliza filimbi hakuna wa kumbishia. Miaka minne nyuma alitolewa kivimbe kidogo cha saratani kwenye titi la kulia, akapigwa mionzi, akarudi uwanjani. Sasa picha ya mwaka huu ilikuwa imeonyesha doa pembeni ya kovu. Daktari alisema huenda ugonjwa umerudi. Kwanza ikatwe nyama kidogo ikapimwe. Ikithibitika, njia ya uhakika zaidi ni kuondoa titi lote, kwa kuwa mionzi hairudiwi ovyo mahali palepale, kisha vidonge vya miaka kadhaa.

Refa alipopiga simu kueleza hayo, Mwenyekiti alimkata kauli. "Usiguswe hata na sindano kabla familia haijakaa."

"Sawa, kaka," alijibu, na Mwenyekiti akamshukuru Mungu kwamba kwa mara ya kwanza maishani dada yake amemsikiliza.

Juzi tu Refa alikuwa amerudi kutoka semina ya waamuzi ya siku kumi na mbili. Alirudi amepungua, na kwa kuwa alikuwa na mafua aliwasalimu wote kutoka mlangoni, hataki kukumbatiana na mtu. Aliketi na koti lake la michezo, zipu imefungwa mpaka shingoni. Wifi yake, mke wa Mwenyekiti, alimmiminia chai bila kuulizwa, akamwekea kikombe upande wa kushoto.

Shangazi ndiye aliyefungua mjadala. "Mimi sina maneno mengi. Kisu ndicho kilichommaliza mama yenu. Aliingia anatembea, akatoka kabebwa."

"Mama aliingia amechelewa, shangazi. Alikaa na uvimbe mwaka mzima akingoja ruhusa za watu."

"Ruhusa za watu ndio sisi?"

"Mimi nimesema watu tu."

Baba mdogo alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetaka kupatanisha. "Tungoje miezi mitatu, ipigwe picha nyingine. Mashine nazo hukosea. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, baba."

"Haya, tuseme umekatwa. Utasimamaje mbele ya watoto uwanjani?"

"Kwa miguu. Sijawahi kupuliza filimbi kwa titi."

Wifi alicheka mpaka chai ikampalia. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa anaogopa, na sababu aliijua vizuri. Yeye ndiye aliyemshika mama yao miguu siku ile ya mwisho, akahisi baridi inapanda kidogo kidogo, na tangu hapo hakutaka hata kulisikia neno upasuaji. Kama kungoja kungemwongezea siku hata kumi za kuwa na dada yake, angengoja.

"Tumebaki wawili," alimwambia, na sauti yake haikuwa tena ya kikao. "Ukienda wewe, nitabaki na nani?"

"Ndiyo maana siendi," Refa alisema. "Mimi bado nina mechi za kuchezesha. Huo ugonjwa ulikuja mara ya kwanza bila hodi, nikautoa. Ukija mara ya pili nautoa tena, na ukibisha nautoa nje pamoja na kiti ulichokalia. Pigisha kura, kaka. Maneno tumeyamaliza."

Mwenyekiti alijifuta uso kwa kitambaa. Taratibu ni taratibu, na angalau taratibu alizimudu.

"Wanaosema tungoje?"

Shangazi alinyoosha mkono, baba mdogo akanyoosha wake. Mwenyekiti aliutazama wa kwake kama si wake, kisha naye akaunyoosha. Akaandika tatu.

"Wanaosema apasuliwe?"

Wa wifi ulipanda mara moja, na hakumtazama mumewe usoni. Refa naye akauinua wa kwake wa kulia, polepole, meno yameumana. Ulifika usawa wa bega ukasimama hapo.

Mwenyekiti aliona mwanga. Dada yake, ambaye hakuwahi kusita katika jambo lolote, amesita. Akaiweka kalamu chini.

"Huo mkono hauko juu wala chini, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Kama umeanza kusita, sema, si aibu. Kama hujasita, unyooshe tuuhesabu."

"Sijasita, kaka. Ndipo unapofika kwa sasa," alisema Refa. "Nyuzi zinatolewa Alhamisi."